Kung'oa Petroli na Kutia Dizeli: Gharama Isiyohesabiwa Karakanani

Barabara iteremkayo kutoka Lushoto hadi Mombo ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na katika mwendo huo mfupi gari hushuka karibu mita 1,000. Upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni bonde. Pikapu zilizosheheni kabichi, karoti na matunda hupita hapo kwenda kukutana na barabara kuu, na miongoni mwake zimo Land Rover kuukuu zilizotoka kiwandani na injini ya petroli ambazo leo hunguruma kwa dizeli. Jambo hili si la Usambara peke yake. Popote penye gari la kale na karakana yenye mafundi hodari, shauri la kung'oa injini ya petroli na kutia ya dizeli hutolewa upesi, na mara nyingi hukubaliwa upesi zaidi.

Mwenye gari huuliza swali moja tu: mafuta yatapungua kiasi gani? Swali hilo ni halali. Lakini yapo mengine matatu ambayo aghalabu hayaulizwi, nayo ndiyo yanayoamua kama fedha zitarudi na kama gari litasimama likikanyagwa breki. Ni haki kusema pia kwamba sehemu ya lawama haimwangukii fundi. Majibu ya maswali hayo yamo katika vitabu vya fizikia vya kidato cha tatu na cha nne, ila yameachwa humo humo, hayajapata kutoka kwenda karakanani.

Kwanza yafaa ielezwe kwa nini dizeli huokoa mafuta, kwa kuwa sababu zitolewazo mitaani ni nusu ya ukweli. Injini ya petroli huvuta mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, huugandamiza, kisha huuwasha kwa cheche ya plagi. Mgandamizo hauwezi kupita kiasi fulani, maana petroli ikibanwa mno huwaka kabla ya wakati wake na kugonga pistoni. Injini ya dizeli huvuta hewa tupu, huigandamiza mpaka ikawa ya moto sana, na ndipo mafuta hupulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Wazo hilo ni la Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. (Kwamba neno dizeli ni jina la mtu, wanafunzi wengi huligundua wakiwa wamekwisha kuwa madereva.) Injini yake iliyopimwa Augsburg mwaka 1897 iligeuza asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiasi ambacho injini za mvuke za siku hizo hazikukikaribia.

Land Rover yenyewe ni mfano mzuri kwa mwalimu. Katika magari ya toleo la tatu, yaliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, zilikuwako injini mbili zenye ujazo ule ule wa sentimita za ujazo 2,286, moja ya petroli na moja ya dizeli. Ile ya petroli, katika mojawapo ya aina zake, ilikuwa na uwiano wa mgandamizo wa 8 kwa 1. Ile ya dizeli ilikuwa na 23 kwa 1. Mwanafunzi aanze na hewa yenye joto la kelvini 300, yaani nyuzi 27 za Selsiasi, kisha alizidishe kwa uwiano wa mgandamizo uliopandishwa kwa kipeo cha 0.4. Kwa petroli atapata kelvini 689, ambazo ni nyuzi 416. Kwa dizeli atapata kelvini 1,051, yaani nyuzi 778. Katika injini halisi joto huwa chini ya hapo, kwa sababu kuta za silinda hunyonya sehemu yake na hewa kidogo huponyoka kandokando ya pistoni, lakini bado hutosha kabisa kuwasha dizeli bila cheche.

Mgandamizo mkubwa hufuatwa na mtanuko mkubwa, na katika mtanuko ndimo kazi inamopatikana. Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili haisemwi sana, ingawa kwa gari liendalo polepole mjini au literemkalo na kusimama kila mara ina uzito mkubwa. Injini ya petroli huongozwa kwa kilango kidogo kilicho ndani ya kabureta. Dereva akiinua mguu, kilango hujifunga, na pistoni hulazimika kuvuta hewa kupitia tundu dogo, kama mtu anayevuta pumzi huku ameziba pua. Kazi hiyo ya kuvuta ni hasara tupu. Injini ya dizeli kwa kawaida haina kilango. Hewa huingia kwa uhuru wakati wote, na nguvu hupunguzwa kwa kupunguza mafuta peke yake.

Sababu ya tatu ni udanganyifu mdogo wa kipimo. Lita moja ya dizeli ni nzito kuliko lita moja ya petroli na ina nishati ipatayo megajuli 36, wakati ya petroli ina megajuli 32 hivi. Kwa hiyo sehemu ya kile kinachoitwa uokoaji ni kwamba mnunuzi amebeba nishati zaidi katika dumu lile lile. Moshi wake nao una hesabu yake: lita ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za kaboni dayoksaidi, na ya petroli kilo 2.3. Anayelinganisha lita kwa lita hulinganisha vitu visivyo sawa.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, haiwezekani kuiacha injini ya petroli mahali pake, ikabadilishwa kichwa cha silinda na kutiwa pampu? Jibu lilitolewa kwa gharama kubwa huko Marekani. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, kampuni ya General Motors, kupitia tawi lake la Oldsmobile, iliunda injini ya dizeli ya silinda nane na ujazo wa lita 5.7 iliyofuata umbo la injini yake ya petroli. Iliingia sokoni katika magari ya mwaka 1978, na ilitiwa pia katika pikapu za Chevrolet. Chuma cha mwili wa injini kiliongezwa unene, lakini mpangilio wa bolti zinazoshikilia kichwa cha silinda ulibaki ule ule wa petroli. Bolti hizo hazikutosha kuhimili shinikizo la dizeli. Zilinyooka au kukatika, gasketi zikapasuka, maji yakaingia ndani ya silinda. Zaidi ya hayo mfumo wa mafuta haukuwekewa kitenganishi cha maji, na maji yaliyokuwamo katika dizeli ya vituoni yaliharibu pampu. Utengenezaji ulikoma mwaka 1985, na Wamarekani wengi waliondokea kuichukia dizeli katika magari madogo kwa miaka mingi iliyofuata. Ikiwa kiwanda chenye wahandisi wengi kilijikwaa kwa ajili ya bolti, karakana haina sababu ya kujaribu njia hiyo. Injini ya petroli hung'olewa nzima, na ya dizeli hutiwa nzima.

Hapa ndipo penye tatizo kubwa kuliko yote. Kile kilango cha kabureta kilicholaumiwa hapo juu kwa kupoteza kazi kilikuwa na faida moja ambayo haikuandikwa popote kwenye gari. Kwa kuzuia hewa, hufanya ombwe katika njia ya kuingizia hewa, na ombwe hilo huvutwa kwa mpira mnene mpaka kwenye kisaidizi cha breki, ambacho mafundi hukiita hidrovaki. Ndani ya kisaidizi hicho mna kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo kuna ombwe, na dereva akikanyaga, hewa ya kawaida huingizwa upande wa pili na kukisukuma kiwambo kimsaidie. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 314. Ombwe likiwa la kilopaskali 60, nguvu inayopatikana inakaribia nyutoni 1,900, sawa na uzito wa kilo 190 na zaidi zilizowekwa juu ya fimbo ya breki. Mguu wa mtu hauwezi kuifidia nguvu hiyo kwa muda mrefu.

Basi injini ya petroli ikiondoka, ombwe huondoka nayo. Injini ya dizeli isiyo na kilango haina ombwe la kutoa. Viwanda vinalijua jambo hilo na huweka pampu ndogo ya ombwe. Katika injini nyingi za Kijapani pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Lakini injini zinazouzwa zikiwa zimetumika mara nyingi huwa zimenyang'anywa altaneta zake zikauzwa mbali, na fundi hufunga altaneta yoyote inayolingana na mkanda. Taa zinawaka, betri inachaji, injini inanguruma vizuri, na kila mtu anaridhika. Mpira wa hidrovaki huzibwa kwa bolti au huachwa ukining'inia. Gari likijaribiwa kwa kuzunguka uwanjani halionyeshi kasoro, kwa kuwa kwa mwendo mdogo na bila mzigo mguu wa fundi hutosha kulisimamisha.

Sasa pikapu hiyo hiyo ipelekwe Lushoto, ipakiwe kabichi mpaka uzito wake wote ufike kilo 2,500, kisha iteremke kwenda Mombo. Nishati ambayo gari hupoteza kwa kushuka mita 1,000 ni zao la uzito, mvuto na kimo: megajuli 24.5. Hiyo ni nishati ya kutosha kuchemsha lita 70 na zaidi za maji zilizoanza na nyuzi 20. Yote lazima igeuke kuwa joto kabla gari halijafika bondeni, sehemu katika injini na matairi, sehemu katika upepo, na iliyobaki katika ngoma za breki. Madereva wengi huamini kwamba dizeli, kwa vile ina mgandamizo mkubwa, italishika gari yenyewe mteremkoni. Imani hiyo ni ya kupotosha. Hewa iliyogandamizwa ni kama springi: hulizuia gari pistoni inapopanda, kisha hulirudishia sehemu kubwa ya nguvu hiyo pistoni inaposhuka. Malori makubwa hufungiwa breki maalumu za moshi au za valvu kwa sababu hiyo hiyo. Injini ya petroli, kwa kuvuta ombwe gia ikiwa ndogo, huzuia kwa namna ambayo dizeli ndogo haina. Kwa hiyo dereva aliyezoea petroli hupoteza vitu viwili kwa siku moja, kisaidizi cha mguu na sehemu ya kizuizi cha injini, na hakuna aliyemwambia.

Ukilinganisha na breki, mambo mengine ni madogo, ingawa hula fedha. Tangi na mabomba yaoshwe, na lazima uwekwe mpira wa kurudishia mafuta, kwa kuwa pampu ya dizeli hupeleka zaidi ya yanayochomwa. Chujio liwe na kitenganishi cha maji. Betri na stata ziwe kubwa, maana kuzungusha injini yenye uwiano wa 23 kwa 1 asubuhi ya baridi ya milimani si kazi ya betri ndogo. Hita za kuwashia zipate waya mnene wa peke yake. Springi za mbele huhitaji kuongezwa, kwa sababu dizeli ni nzito.

Giaboksi na difu zinastahili maneno zaidi. Injini ya dizeli ya zamani hufikia nguvu yake ya juu kabisa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, wakati nyingi za petroli huvuka 5,000. Gia zilizopangwa kwa petroli zikiachwa vile vile, gari hupungukiwa mwendo kwenye tambarare, dereva hulisukuma mpaka mwisho wa pampu, na ule uokoaji wa mafuta hupotea kwa moshi. Tatizo la kinyume hutokea pale inapotiwa dizeli ya kisasa zaidi yenye kipulizia hewa, ambacho watu hukiita tabo. Injini ya Land Rover iitwayo 300Tdi, iliyotoka mwaka 1994, hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 265 kwenye mizunguko 1,800 tu. Giaboksi ya Land Rover ya miaka ya 1970 haikuumbwa kwa nguvu hiyo, wala ekseli zake za nyuma. Fundi mzuri humwonya mteja. Asiye mzuri hungoja arudi na ekseli iliyokatika. Ama dizeli za leo zinazopuliza mafuta kwa shinikizo la zaidi ya angahewa 1,000 na kuongozwa na kompyuta, hizo haziingizwi katika gari kuukuu bila nyaya zake zote na vihisi vyake vyote, na mwenye pikapu ya mboga hana haja nazo.

Inabaki fedha. Wakati wa shida ya mafuta mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo Tanzania magari ya binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, hoja ya dizeli ilikuwa nyepesi: chochote kilichopunguza lita kilikuwa halali. Hoja iliyozoeleka tangu hapo ni kwamba dizeli ni rahisi kuliko petroli. Hiyo si kanuni ya maumbile. Bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na EWURA zimeonyesha mara kadhaa dizeli ikiipita petroli, kama ilivyokuwa katika baadhi ya miezi ya mwaka 2022.

Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba lita ya mafuta yoyote ni shilingi 3,000, kwamba Land Rover ya petroli yenye mzigo hutumia lita 20 kwa kilomita 100, na kwamba ikitiwa dizeli itatumia lita 14. Uokoaji ni lita 6, yaani shilingi 18,000 kwa kila kilomita 100. Kazi nzima, injini, vipuri vya kuunganishia, pampu ya ombwe, betri na ujira wa fundi, iwe shilingi 9,000,000. Basi fedha hurudi baada ya kilomita 50,000. Pikapu inayokwenda Mombo na kurudi mara tatu kwa wiki hutembea kilomita 10,300 hivi kwa mwaka, na itangoja karibu miaka mitano. Ile inayofanya safari mbili kila siku, siku sita kwa wiki, hutembea kilomita 41,000 na zaidi, na itarudisha fedha katika mwaka mmoja na miezi michache. Dizeli ikipanda kwa shilingi 200 juu ya petroli, kilomita 50,000 huwa 59,000. Ushauri ulio sawa kwa wenye magari hayo mawili hauwezi kuwa mmoja, lakini mitaani hutolewa mmoja.

Lipo kosa la hesabu lililojificha zaidi. Injini ya dizeli inayotarajiwa hufikiriwa kuwa nzima, wakati injini ya petroli inayolinganishwa nayo ni mgonjwa. Kabureta yake imelika, valvu hazijapimwa kwa miaka, plagi zimepita umri, cheche huja ikiwa imechelewa, na matairi hayana upepo wa kutosha. Tuseme matengenezo ya shilingi 1,500,000 yaishushe petroli kutoka lita 20 hadi 17. Gharama hiyo hurudi kwa kilomita 17,000 hivi. Na baada ya hapo dizeli haiokoi tena lita 6. Huokoa lita 3, na shilingi 9,000,000 zake zitahitaji kilomita 100,000 ili zirudi. Kwa sababu hiyo ni haki kusema kwamba pikapu nyingi za shambani, zinazotembea kilomita 10,000 au 15,000 kwa mwaka, hazikustahili kung'olewa injini. Zilistahili fundi mwenye subira. Tena kuna mlango mwingine unaofungwa bila kufikiriwa: injini yenye plagi yaweza kufungiwa vifaa vya kutumia gesi asilia bila kung'olewa, kama inavyofanywa Dar es Salaam, wakati dizeli haina cheche ya kuiwasha gesi hiyo. Kweli, gesi ya magari haijafika Lushoto. Lakini gari la chuma kinene kama Land Rover huishi muda mrefu kuliko mipango ya leo ya vituo vya mafuta.

Pia moshi una mlipaji wake, ambaye si mwenye gari. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Nchi za Afrika Mashariki zilipiga hatua njema zilipopunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, ila mafuta safi hayaponyi pampu iliyochezewa. Ni desturi mbaya ya baadhi ya karakana kufungua pampu ili gari lipande mlima kwa nguvu. Mafuta yakizidi hewa iliyopo, sehemu haiungui na hutoka kama masizi. Milimani jambo hilo huzidi: kwenye kimo cha Lushoto hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya pwani, hivyo pampu iliyopimwa Dar es Salaam ikaonekana safi itatoa moshi mweusi huko juu hata bila kuguswa. Watoto wa shule wanaotembea kando ya barabara hupumua kile ambacho mwenye gari amekiita uokoaji.

Si nia ya maneno haya kuwadharau mafundi. Mtu anayeweza kuunganisha injini ya Kijapani na giaboksi ya Kiingereza kwa bamba alilolichonga mwenyewe, shafti mbili zikakaa katika mstari mmoja bila kutetemeka, ana elimu ambayo shahada nyingi hazina. Kinachokosekana ni kuandikwa kwa elimu hiyo. Fundi hujua kwa mkono wake, naye akifa au akihama, mwanafunzi wake huanza upya na magari ya watu. Chuo cha ufundi kinaweza kutunga kwa Kiswahili karatasi mbili tu za mambo ya lazima katika kubadili injini, breki zikiwa za kwanza, zikabandikwa ukutani katika kila karakana. Ukaguzi wa gari lililobadilishwa usiishie kwenye namba ya injini na aina ya mafuta iliyoandikwa katika kadi. Mkaguzi akae kitini na kukanyaga.

Jaribio lenyewe halihitaji chombo chochote, na mwalimu wa fizikia anaweza kulifanya na wanafunzi wake kwa gari lolote lenye hidrovaki linaloingia uwanja wa shule, mwenye gari akikubali. Injini izimwe na magurudumu yazibwe kwa mawe. Mwanafunzi akanyage breki mara tano au sita, mpaka ombwe lililosalia liishe na pedali iwe ngumu kama jiwe. Aendelee kuikanyaga bila kuachia, kisha mwenzake awashe injini. Kisaidizi kikiwa hai, pedali itazama kidogo chini ya mguu mara injini inapoanza kunguruma. Isipozama, gari hilo lisipakiwe mzigo wa Mombo.